Leso Haivaliwi, Yafungwa

Bi Fundi wa Kuze ajibu maswali ya wasomaji kuhusu majina ya nguo

Stima imepotea hapa Kuze, Mombasa, tangu saa mbili asubuhi. Cherehani yangu ya miguu haijali, lakini ovaloki imelala, na madera sita ya sare ya arusi yamening'inia mlangoni hayajamalizwa kingo. Nimemwambia mwenye arusi aje kesho. Ameniambia niliyasema hayo hayo jana. Basi leo nakaa barazani na barua zenu, kalamu mkononi na pini kifuani.

Shikamoo Bi Fundi. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nimeolewa Likoni, huu ni mwaka wa pili. Juzi mtoto alishikwa na mafua, nikavuka feri nikaenda Biashara Street, nikaomba leso ndogo ya mtoto. Mwenye duka akanitandazia doti nzima, akaniuliza nataka ya jina gani. Nikamjibu mtoto jina analo, hana kitambaa cha kufutia pua tu. Duka zima likaangua kicheko. Mawifi zangu nao wanavaa leso, lakini kwetu leso ni ya pua. Nani amekosea hapa?
*Mama Mafua, Likoni*

Marahaba mwanangu, na mtoto apoe. Hujakosea, na mwenye duka hakukosea. Kwa asili ya neno, wewe ndiye uliye karibu zaidi. Leso tumeipata kwa Wareno, waliokuwa wakiita kitambaa cha mkononi lenço. Walianza kujenga ile Ngome ya Yesu mwaka 1593, wakakaa wakisumbua watu karibu miaka mia, mpaka Waomani wakawatoa mwaka 1698. Wao walikwenda, lakini meza yao tunalia chakula, bendera yao twapandisha, na leso yao ndiyo hii.

Kitambaa cha pua kiligeukaje nguo ya kujifunga mwili mzima? Wanavyosimulia wazee ni kwamba vile vitambaa vilikuwa vikiuzwa vikiwa bado havijakatwa, vimeandamana kwenye jora moja. Wanawake wa pwani wakawa hawanunui kimoja kimoja. Wakanunua sita, wakakata tatu na tatu, wakaziunga ubavu kwa ubavu, wakapata shuka yenye nakshi. Baadaye wafanyabiashara wakaona kwa nini tuwachoshe sindano, wakaanza kuipiga chapa ikiwa nzima. Nyinyi wa Tanga, na wenzenu wa Unguja, mkaiita kanga kwa yule ndege wa madoadoa, jina la leso mkaliachia kile kidogo. Sisi wa Mvita, yaani Mombasa, tukaling'ang'ania jina kwa ile kubwa. Kile kidogo kwetu ni kitambaa cha mkono, na siku nyingine uombe hivyo hivyo.

Sasa hilo la jina. Leso ina sehemu tatu. Pembezoni kote ni *pindo*. Katikati ni *mji*. Chini ya mji, juu kidogo ya pindo, pana maneno, na hayo ndiyo *jina*. Usichanganye pindo na upindo: pindo linatoka kiwandani, upindo naushona mimi. Ukinunua doti, yaani leso mbili zilizoshikana, wapita kwa mafundi waliokaa na vyerehani nje ya maduka pale pale Biashara Street, wanakukatia katikati na kukupindia ncha. Dakika chache, umemaliza. Zipo zile za Kaderdina, duka lililoko tangu 1887, zina herufi K.H.E. na *Mali ya Abdulla* kwenye ncha. Mgeni mmoja aliwahi kuniuliza huyo Abdulla ana wake wangapi, maana leso zake anaziona kila kiuno.

Jina lazima ulisome kabla hujatoa pesa. Mimi hapa, pamoja na ufundi wangu wote, niliwahi kumpelekea jirani aliyejifungua doti nzuri ya manjano na kahawia. Niliichagua kwa rangi, nikaikunja, nikaifunga na sabuni na udi. Kumbe imeandikwa *Hasidi hana sababu*. Mwezi mzima hakunijibu salamu. Nilipokwenda kumuuliza, alikwenda chumbani akaitoa, akaitandaza mbele yangu bila kusema neno. Nikaisoma. Nikaketi chini.

Na jambo moja la mwisho, mamangu, kwa kuwa sasa wewe ni mtu wa Likoni: uliandika katika barua yako kwamba mawifi zako "wanavaa leso". Leso haivaliwi. Leso yafungwa: mtu hujifunga leso. Ile ya pili ya kichwani na mabegani hujitanda, na ikizunguka uso vizuri ndiyo ushungi. Kilemba hupigwa. Mkanda hufungwa. Kuvaa ni kwa kitu unachokiingia, kina tundu la kichwa, la mkono au la mguu: kanzu, shati, kiatu, hata pete na saa. Nguo isiyo na tundu ina kitenzi chake, na ukilitumia sikio lako utakisikia. Mtu akisema amevaa leso najua anachokusudia, lakini mkono wangu wa fundi washtuka, kama aliyesikia mtu amekunywa ugali.

Bi Fundi, mimi ni kijana wa Kitui, nafanya kazi bandarini, naishi Mikindani. Nimechumbia msichana wa Majengo. Siku ya kupeleka posa mjomba wake alisoma orodha: mahari, kilemba, mkaja, mbeleko. Nikauliza, kwa adabu, "Huu mkaja nao ni nguo gani tena, na sanduku nimeshanunua?" Kimya kikaanguka. Jioni mchumba wangu akaniambia mama yake amesema nimemvua nguo mbele ya watu. Bi Fundi, naapa sikumkaribia! Nilikuwa nimeketi karibu na mlango, upande wa wanaume. Nifanyeje?
*Mwenye Hofu, Mikindani*

Nimecheka mpaka mjukuu akatoka ndani kuniangalia. Ondoa hofu bwanangu, hakuna anayekushtaki kwa hilo unalofikiri. Kumvua mtu nguo ni kumfedhehesha, kumweka uchi mbele ya watu kwa maneno. Vazi kwetu ni sitara, na mtu aliyeaibishwa ni kama aliyesimamishwa bila sitara. Alikuwa akisema umemvunjia heshima. Na kweli umemvunjia, ingawa hukujua.

Turudi kwenye ile orodha, maana nadhani hakuna aliyekukalisha akakueleza. Mahari ni ya bibi arusi mwenyewe, hayo ni ya dini na hayana mjadala. Hayo mengine matatu ni ya mila, na yote matatu ni majina ya nguo.

*Kilemba* wakijua: kitambaa kirefu ambacho mwanamume hukizungusha kichwani. Kwenye orodha ya posa kilemba ni cha baba au wa upande wake, wale waliolea kwa jina na kusimamia nyumba. Usidhani utanunua kitambaa. Ni fedha, jina tu ndilo la nguo. Na si la arusi peke yake. Mwanafunzi akihitimu kazi humpelekea fundi wake kilemba. Mimi nilipomaliza kujifunza kushona mwaka 1984 nilimpelekea fundi wangu kilemba, na fundi wangu alikuwa mwanamke wa Kibokoni ambaye hakupiga kilemba maishani mwake. Nilimpa bahasha, doti moja ya kisutu na kilo ya halua. Akaifungua halua kabla ya bahasha.

*Mkaja* ndio uliokuponza. Mwanamke akishajifungua, tumbo huwa limelegea, basi hufungwa nguo ngumu kiunoni, yakazwa kila asubuhi, siku arobaini. Mama yangu alinifunga mimi, alikuwa akiweka goti kwenye ubavu wangu ndipo avute. Nguo hiyo ndiyo mkaja. Kwa hivyo mkwe wako anapotajiwa mkaja, wanalotaja ni lile tumbo lililombeba mchumba wako, na zile asubuhi arobaini za kufungwa. Na wewe ukauliza, mbele ya wanaume wa pande mbili, ni nguo gani tena na sanduku umeshanunua. Sanduku ni nguo za bibi arusi. Huwezi kumlipa mama kwa madera ya mwanawe.

*Mbeleko* ni ile nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Kubeleka ni kubeba mtoto hivyo. Hiyo nayo yamwendea mama, wakati mwingine hugawiwa bibi au shangazi aliyesaidia ulezi. Kila familia ina hesabu zake, kwa hivyo viwango siviingilii, hapo mtaelewana nyinyi kwa nyinyi.

Ufanyeje? Usiende mwenyewe, mtume shangazi yako kama yuko, au mwanamke yeyote mtu mzima wa upande wenu. Apeleke doti. Tafuta kisutu, ile ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, ndiyo ya arusi na heshima. Ukipewa nyingine yenye maneno, yasome. Umeshaona mimi yaliyonipata. Shangazi aseme kijana ni mgeni wa lugha, hakujua, anaomba radhi, na mkaja uko njiani. Nawe mchumba wako akikusifu kwamba umelimaliza jambo kwa hekima, usivimbe kichwa, asije akawa anakuvika kilemba cha ukoka. Ukoka ni majani haya ya kulisha mbuzi. Kilemba chake chapendeza mbele ya kioo, mpaka mbuzi apite.

Mwalimu, redioni kila siku nasikia "mheshimiwa alivalia suti ya buluu". Nyumbani twasema "alivaa". Lipi sahihi?
*Msikilizaji, Ganjoni*

Mimi si mwalimu, ni fundi, lakini hili nalijua kwa sababu linanikera. Kuvaa zamani lilikuwa na L katikati. Wachewa wa Malawi hadi leo husema kuvala. Kwetu L ilikufa, lakini ukilinyambua neno yafufuka: kaa, kalia, zaa, zalia, vaa, valia. Na kazi ya valia ni kusema umevaa *kwa ajili ya* jambo fulani, au mahali fulani. Hii ni kanzu ya kuvalia msikitini. Kikoi hiki nakivalia nyumbani tu. Ndiyo maana mtu akilishikilia jambo kwa nguvu zote twasema amelivalia njuga: njuga ni zile kengele ndogo za miguuni mwa wachezaji ngoma, na yeye amezivaa kwa ajili ya jambo hilo. Ndugu yake ni vulia. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyakoga, umezivua kwa ajili ya maji.

Sasa mheshimiwa aliivalia suti nini? Kama mtangazaji atamalizia "alivalia suti kwenye sherehe", haya, nampa. Lakini wengi huliweka pale kwa kuwa ni refu na lasikika la heshima zaidi. Alivaa suti. Yatosha. Suti yenyewe ndiyo ya kuangaliwa, na ile niliyoiona kwenye runinga wiki iliyopita mabega yake yalikuwa mapana kumshinda mwenyewe.

Salaam aleikum Bi Fundi. Binti yangu wa darasa la tano aliandika kwenye insha "Buibui wa mama umepotea". Mwalimu akaikata kwa kalamu nyekundu akaandika "amepotea", kwa sababu buibui ni mdudu. Mtoto amerudi akilia, asema mama yake si mdudu. Naomba hukumu.
*Mama wa Watatu, Kisauni*

Wa aleikum salaam. Wote wawili wamepotea, na buibui lenyewe bado halijapatikana. Mdudu ni buibui *huyu*, amepotea. Nguo ni buibui *hili*, limepotea, na yakiwa mengi ni mabuibui. Binti angeandika "Buibui la mama limepotea". Mwambie mwalimu kwa upole, na usiende na hii karatasi yangu mkononi ukimpungia.

Lakini nina swali langu kwako: lililopotea ni buibui kweli, au ni abaya? Nauliza kwa sababu siku hizi Mombasa nguo yoyote nyeusi ndefu ya mwanamke yaitwa buibui. Buibui lenyewe lililetwa kutoka Hadhramaut mwanzoni mwa karne ya 20. Kabla yake mabibi wa Mombasa na Lamu wakitoka walitembea ndani ya shiraa, hema la kitambaa linalobebwa juu yao na watumwa, bibi mwenyewe haonekani hata kivuli. Buibui lilimwezesha mwanamke kutoka peke yake, bila wa kumbebea hema.

Bibi yangu alilivaa la zamani, na nasema alilivaa kwa kukosa neno, kwa sababu hakukuwa na mikono. Ilikuwa ni nguo pana nyeusi, kamba yafungwa kwenye paji la uso, halafu yote yashuka. Pembe moja aliibana kwa vidole chini ya kidevu. Akiwa na kikapu cha marikiti mkono mmoja na mimi mkono wa pili, pembe ile aliibana kwa meno. Ndiyo maana nilipokuwa mdogo nilidhani wanawake wazee wote huzungumza wakiwa wameuma meno. Abaya ina mikono, ina vifungo au zipu, waiingia kama kanzu. Hiyo yavaliwa. Mimi nashona abaya tatu kwa wiki, na buibui la kamba sijaletewa tangu bibi afariki. Jina lilibaki likahamia kwenye nguo nyingine, kama leso ya yule mama wa Likoni.

Rinda ni gauni, au ni mikunjo ya sketi? Nina mtihani Jumatatu.
*Mwanafunzi, Tudor*

Yote mawili. Nchini Kenya rinda ni gauni, na marinda ni magauni. Kwangu kwenye cherehani, na ng'ambo ya mpaka, marinda ni ile mikunjo: sketi ya marinda. Mtihani wa Kenya, jibu la Kenya. Na kabla hujauliza, dera ni neno la Wasomali, wao huandika *dirac*. Kasome.

Bi Fundi, tumefungua kasha la babu hapa Old Town, tumekuta kikoi cheupe chenye ukingo wa zambarau na kijani. Ncha zake zina nyuzi zilizosokotwa zimening'inia. Nimekibana kipande cha uzi kwenye barua hii. Fundi wa mtaani asema hivyo vinyuzi vimechakaa, avikate, apinde, kiwe kama kipya. Hivyo vinyuzi vyaitwaje, na je, akate?
*Mjukuu, Mji wa Kale*

Uzi nimeupata, nimeuangalia kwenye mwanga wa dirisha. Ni pamba, umesokotwa kwa mkono, nyuzi mbili mbili kisha zikafungwa fundo. Vyaitwa *matamvua*, na kimoja ni utamvua. Leso hupigwa chapa, kikoi hufumwa, na matamvua ni zile nyuzi za mtande zilizobaki mfumaji alipomaliza. Kazi yao si urembo tu: zinazuia nguo isifumuke. Ukizikata ukapinda, kikoi kitakaa kama shuka ya kitanda, na babu yako alikuwa akijifunga kikoi, akikikunja kiunoni mara mbili, matamvua yakimgonga miguuni.

Asikate. Mafundo yaliyofunguka yasokotwa upya, ni kazi ya jioni mbili na mikono yenye mate kidogo. Kikoi kioshe kwanza kwa maji baridi, ukianike kivulini. Halafu niletee Kuze, uulize nyumba yenye madera sita mlangoni, kama bado stima haijarudi.